Maji ya Mfereji ni Maji Gani?

Illasit, mji wa mpakani ulio kusini kabisa mwa Kaunti ya Kajiado, chini ya mlima Kilimanjaro, ni mahali ambapo Kiswahili cha Kenya na Kiswahili cha Tanzania hukutana sokoni. Upande huu wa mpaka kuna Wamaasai, Wakamba na Wakikuyu. Upande wa pili ni Rombo, kwa Wachagga. Wanauziana mahindi, maharagwe, nyanya na vitunguu, na bei wanaelewana bila mkalimani. Hata hivyo yapo maneno matatu ambayo kila upande unaweza kuyatamka kwa moyo mweupe na kumaanisha kitu tofauti kabisa, nayo ni haya: maji ya mfereji.

Kwa Mkenya aliyepitia shule ya msingi, mfereji ni kile kifaa unachokizungusha ukutani au uani, maji yakatoka. Fungua mfereji, funga mfereji, usiache mfereji ukitiririka. Kwa Mtanzania kifaa hicho ni bomba. Mfereji ni njia ya maji iliyochimbwa ardhini. Wachagga wana jina lao wenyewe kwa njia hiyo, mfongo, na mifongo ya Kilimanjaro imewapelekea maji migombani tangu enzi za mababu. Kamusi zetu zimezipokea maana zote mbili za mfereji, moja chini ya nyingine, na mwanafunzi hufundishwa kwamba muktadha utamwongoza. Sasa fikiria mteja anaambiwa, "Nyanya hizi nimezisuuza kwa maji ya mfereji." Aliyezoea mfereji wa ukutani atatulia. Anayejua mfereji wa ardhini atataka kuuliza: unapita wapi kabla ya kufika kwako?

Swali hilo la pili ndilo la maana. Maji yanayobubujika kwenye chemchemi za chini ya Kilimanjaro hutoka yakiwa maangavu. Mfereji wa wazi huyachukua na kuyapitisha kwenye malisho, kando ya maboma, mahali ng'ombe wanaponyweshwa, mahali watoto wanapooga na mama wanapofua, na mvua ikinyesha huzoa kilichoachwa vichakani na kinachovuja kutoka vyoo vya shimo. Mkulima wa mwisho kwenye mfereji huo hajawahi kuona bomba la majitaka shambani kwake, na ukimwambia kwamba analima kwa majitaka atakukasirikia. Lakini anamwagilia maji yaliyokwisha kupitia watu na mifugo. Lugha yetu haina jina fupi la maji ya namna hiyo. Ina safi na ina taka, na kati ya hayo mawili imeacha uwanja mpana ambamo wakulima wengi wa Afrika Mashariki ndimo wanamolima.

Kaunti ya Kajiado yenyewe imebeba habari hii kutoka mwanzo hadi mwisho. Maji ya chemchemi ya Nolturesh, huko Loitokitok karibu na Illasit, husafirishwa kwa bomba refu kwenda Kajiado, Kitengela, Athi River na Machakos. Kusini yalikuwa maji ya mlima. Yakifika Kitengela hupikiwa, huogewa, hufuliwa na kumwagwa chooni. Mji huo umepanuka kwa kasi kubwa kuliko mabomba ya majitaka. Nyumba nyingi hutegemea shimo, tangi la septiki, na lori la kunyonya maji ya choo, ambalo wakazi huliita eksosta. Miaka ya karibuni imeingia bayodajesta, tangi la kuozesha kinyesi lililozikwa uani, na watengenezaji wengi huinadi kwa ahadi kwamba maji yanayotoka humo unaweza kumwagilia bustani.

Hapo ndipo neno safi linapotushinda. Safi ni neno la jicho na pua. Tunaita safi shati, barabara, tabia, hesabu, hata goli lililofungwa vizuri. Uwezo wake wa kuenea ndio uzuri wake katika mazungumzo, na ndio udhaifu wake maabarani. Maji yaliyopita kwenye bayodajesta hupoteza sehemu kubwa ya harufu na uchafu unaoonekana. Jicho likiyatazama linakubali, na muuzaji anasema ni maji safi. Yai la mchango lina urefu wa takriban sehemu moja ya ishirini ya milimita. Jicho halina ushahidi wowote wa kutoa juu yake.

Nimeandika mchango, na najua wasomaji wengi wamefikiria harambee. Mchango au chango ni jina la zamani la mnyoo mviringo wa tumboni, yule mrefu mweupe anayefanana na nyungunyungu. Neno hili limesukumwa pembeni na michango ya harusi na matanga, na leo watoto wetu wanajua neno moja tu, minyoo, kana kwamba wote ni ukoo mmoja wenye mwenendo mmoja. Hasara yake si ya kishairi. Majina yalipopotea, zilipotea na njia za kujikinga, kwa sababu kila mnyoo ana mlango wake. Mchango huingia kwa mdomo, juu ya jani la mboga au kidole cha mtoto. Mnyoo wa safura huingia kwa mguu: kiluwiluwi chake hungoja kwenye udongo wenye unyevu na kupenya ngozi ya mtu anayetembea peku. Mnyoo wa kichocho huingia popote maji yanapogusa mwili, baada ya kukulia ndani ya konokono wa maji yaliyosimama. Ukimwambia mkulima ajihadhari na minyoo, humwambii avae buti, wala humwambii anawe mikono kabla ya kula, wala humwambii asiingie bwawani. Unamwambia aogope tu.

Safura ni neno ninalolithamini sana. Asili yake ni Kiarabu, penye maana ya umanjano na nyongo, na Waswahili walilitumia kwa hali ya mtu aliyepauka na kuvimba kwa upungufu wa damu. Waliuona uso wa mgonjwa kabla ya hadubini kumwona mnyoo anayening'inia kwenye utumbo akinyonya damu. Kipindupindu nacho, ndani yake unasikia pinda na pindua, mwili ukijikunja kwa maumivu. Majina haya yalitungwa na watu waliokaa karibu na wagonjwa. Yanaeleza ugonjwa kwa uaminifu mkubwa. Jambo ambalo hayakuweza kueleza, na hatuwezi kuwalaumu waliotutangulia, ni chanzo.

Istilahi za chanzo tulizitunga baadaye, na mojawapo ni ya kujivunia: kimelea. Mea ni kuota. Melea ni kuota juu ya kitu au kwa gharama ya kitu. Kimelea ni kile kinachoishi kwa namna hiyo. Neno lina picha nzima ya uhusiano ndani yake, na mfugaji wa Kajiado anayeng'oa kupe sikioni mwa ndama analielewa bila ufafanuzi. Kijidudu halikubahatika hivyo. Ni mdudu aliyepunguzwa, kisha akapunguzwa tena, na kipimo chake pekee ni udogo. Chini ya vijidudu tumerundika bakteria wa taifodi, kirusi cha kuharisha, amiba, na mara nyingi hata mayai ya minyoo. Katika suala la majitaka shambani, rundo hili ni la hatari, kwa kuwa viumbe hao hawafi kwa namna moja.

Hebu tukae kidogo hapa, maana ndiyo kiini cha jambo. Bakteria akiangukia jani la sukuma wiki katika jua kali huanza kufa. Shirika la Afya Duniani, katika miongozo yake ya 2006 kuhusu matumizi salama ya majitaka, linakadiria kwamba kati ya umwagiliaji wa mwisho na mavuno, idadi ya viini vya maradhi inaweza kupungua kwa siku moja mara tatu hivi, na kukiwa na joto na ukavu hata mara 100. Mkulima akiacha kumwagilia siku mbili tatu kabla ya kuvuna amefanya kazi kubwa bila kutumia shilingi. Wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wanalijua jambo la aina hii: ng'ombe akichomwa sindano ya dawa, maziwa yake hayauzwi mpaka siku kadhaa zipite. Siku za kungoja, basi, ni istilahi inayofaa na mboga pia, na maafisa wa ugani wangeweza kuanza kuitumia kesho.

Lakini yai la mchango halijali siku tatu. Mnyoo mmoja jike hutaga mayai kiasi cha 200,000 kwa siku, na kila yai limefunikwa ganda gumu linaloliwezesha kuishi udongoni kwa miezi, na panapofaa kwa miaka. Tena yai lililotoka mwilini leo haliwezi kuambukiza leo. Linahitaji wiki mbili tatu za joto na unyevu likomae. Bakteria hupunguzwa na muda shambani, ilhali yai hukomazwa nao. Klorini, inayoua bakteria kwenye ndoo ya maji ya kunywa, hailiwezi. Bayodajesta isiyopashwa moto, ya joto la kawaida la ardhi ya Kitengela, haina hakika ya kuliua. Dawa ya minyoo wanayopewa watoto inaua mnyoo aliye tumboni. Haifiki kwenye tuta la mboga.

Dawa ya yai, kwa bahati nzuri, ni utulivu. Yai ni zito kuliko maji, na maji yakitulia huzama. Ndiyo maana mabwawa ya majitaka, teknolojia isiyo na umeme wala kemikali, huweza kulishinda: miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya 1989 ilitaja siku 8 hadi 10 ndani ya mabwawa yaliyopangwa vizuri. Kiswahili hapa kina kitenzi kizuri mno, kutuama, na kauli yake ya kutendesha, kutuamisha. Tunasema maji yaliyosafishwa, maji yaliyotibiwa, maji yaliyotakaswa, na hakuna hata moja kati ya majina hayo linalosema kilichofanyika. Maji yaliyotuamishwa siku 10 linasema. Linakumbusha pia jambo linalosahaulika: kilichozama hakijatoweka. Kiko kwenye tope la chini, na tope hilo likichotwa na kupelekwa shambani kama mbolea, mayai yote yamepanda gari.

Mfano wa karibu na Illasit uko upande wa pili wa mlima uleule. Majitaka ya mji wa Moshi hupelekwa kwenye mabwawa ya Mabogini, na maji yanayotoka humo wakulima huyatumia kwenye mashamba ya mpunga. Watafiti waliandika habari zake mwaka 2014. Mpunga hupikwa, kwa hiyo mlaji wa wali yuko salama kwa kiasi kikubwa. Anayesimama matopeni hadi magotini ni mkulima. Nairobi, huko Maili Saba, kumekuwa na wakulima wanaoziba bomba la majitaka ili yafurike na kuingia mashambani, mabichi kabisa, bila bwawa wala siku ya kutuama. Wanafanya hivyo kwa sababu za kueleweka: maji hayo hayakatiki wakati wa kiangazi, na yana mbolea ndani yake. Siwezi kumhukumu mtu anayelisha watoto kwa njia pekee aliyo nayo. Ninachotaka ni ajue anaingia kwenye nini, na ajue kwa lugha yake.

Dunia imekwisha kulipia somo hili. Huko Yerusalemu, kabla ya 1948, mboga zilizomwagiliwa majitaka ghafi ziliuzwa mjini na maambukizi ya mchango yalikuwa mengi. Mji ulipogawanywa mboga hizo zikakatika upande wa magharibi, na maambukizi yakashuka mno. Baada ya 1967 zikarudi, na mchango ukarudi nazo; mwaka 1970 kikazuka kipindupindu, mamlaka ikapiga marufuku umwagiliaji huo. Santiago, mji mkuu wa Chile, ulichukua hatua kama hiyo kipindupindu kilipobisha hodi mwaka 1991, na taifodi iliyokuwa imeusumbua kwa miaka ikashuka sana.

Kwa Kajiado, nchi ya ng'ombe, kuna mnyoo mwingine anayestahili aya yake: tegu. Ng'ombe akila majani yaliyomwagiliwa maji yenye kinyesi cha mtu mwenye tegu, mayai huanguliwa ndani yake, na viluwiluwi husafiri hadi kwenye misuli na kujifunga katika vifuko vidogo vyeupe. Mkaguzi wa nyama hupasua mashavu, ulimi na moyo akivitafuta. Akikuta vichache, nyama hugandishwa kwa siku kadhaa ili kuviua. Akikuta vingi, mzoga mzima hutupwa, na mfugaji amepoteza ng'ombe aliyeonekana mzima wa afya. Visipoonekana, na nyama ikachomwa juujuu tu, mtu anaondoka na tegu wa urefu wa mita kadhaa. Tegu wa nguruwe ni hatari zaidi. Mayai yake, yakiliwa moja kwa moja na mtu juu ya mboga, huweza kupeleka viluwiluwi hadi ubongoni, na matokeo yake ni kifafa. Kajiado ina methali na majina ya kila rangi ya ng'ombe. Inafaa iwe pia na mazungumzo ya wazi kuhusu uhusiano wa choo cha binadamu na nyama ya ng'ombe.

Imebaki jozi moja ya maneno ya mpakani ambayo, tofauti na mfereji, inaweza kutusaidia kwa sababu ya tofauti zake. Kenya tunasema kilimo cha kunyunyizia maji. Tanzania wanasema kilimo cha umwagiliaji. Wengi huyachukua kama visawe. Mimi naomba yaachanishwe. Kunyunyizia ni kurusha maji kwa matone kutoka juu, kwa mpira wa pampu au kopo lenye matundu, yakalowesha majani na matunda. Kumwagilia ni kuyaelekeza chini, kwenye shina. Kwa maji ya mlima tofauti hiyo ni ndogo. Kwa maji yaliyopitia watu ni kubwa, na imepimwa. Miongozo ya 2006 inasema umwagiliaji wa matone hupunguza viini vya maradhi mara 100 kwa mboga zinazokaa karibu na ardhi, na mara 10,000 kwa mazao yanayoning'inia juu, mfano nyanya. Kuosha mboga kwa maji safi ya bomba hupunguza mara 10. Kupika humaliza karibu vyote. Mkulima wa nyanya wa Illasit aliyezisimamisha kwa miti, akatandika mabomba ya matone chini ya matuta, amewalinda walaji wake kuliko mwenzake anayenyunyizia juu ya majani yale yale, hata kama wote wawili wanachota mfereji mmoja.

Sheria nayo ina maneno yake. Kanuni za Kenya za Ubora wa Maji za 2006 zilitaka majitaka yanayotumika kumwagilia mazao ya kuliwa mabichi yawe na chini ya yai moja la mnyoo kwa lita, na chini ya bakteria 1,000 wa aina ya koliformu kwa mililita 100. Angalia kwamba ni vipimo viwili, si kimoja. Wanasheria waliona tofauti ambayo neno vijidudu limeificha. Kanuni hizo zilitenganisha umwagiliaji wenye masharti na usio na masharti, lugha ya ofisi ambayo haitafika Illasit wala Kitengela ikiwa hivyo ilivyo. Ningependa zaidi tuyapange maji kwa mdomo wa mlaji: maji ya mboga za kupikwa, maji ya mboga za kuliwa mbichi. Hapo kila mtu anajua kwamba sukuma wiki iko kundi la kwanza, na kachumbari yote, nyanya, kitunguu, dhania, iko la pili. Ile sahani ya nyama choma ya Kitengela, ikiwa na kachumbari pembeni, ina milango miwili: tegu kwenye nyama isiyoiva, mchango kwenye dhania.

Wapo wanaopendekeza tutafsiri mgawanyo wa kigeni wa rangi, tuseme maji meusi kwa ya choo na maji ya kijivu kwa ya jikoni na bafuni. Siafiki. Mama wa Kitengela anayemwagilia sukuma zake kwa maji ya kufulia anayaita maji ya kufulia, na jina hilo lina habari zaidi ya rangi yoyote: linakuambia yametoka wapi, na kama kwenye beseni zilikuwemo nepi za mtoto, linakupa nafasi ya kuuliza. Majina ya asili ya maji, ya choo, ya kufulia, ya kuoshea vyombo, ya machinjioni, tunayo tayari. Tuyatumie mpaka kwenye ripoti.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa wanaoandika kwa Kiswahili kuhusu maji: mabaraza ya lugha pande zote mbili za mpaka, maafisa wa ugani, walimu, na wauzaji wa matangi ya Kitengela. Mkiandika maji safi, ongezeni yametuamishwa siku ngapi. Mkiandika mfereji, semeni kama ni wa ukutani au wa ardhini. Nawe unayenunua bayodajesta wiki hii, mwambie fundi akuandikie kwenye risiti kama maji yake yamepimwa mayai ya minyoo. Kama hayajapimwa, yapeleke kwenye miti, maua na nyasi za uani ambazo ng'ombe hali, vaa viatu ukiwa hapo, na dhania yako imwagilie maji ya Nolturesh.